Muungwana, Kabaila, Mwinyi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Majina ya Wenye Nasaba

Barua tulizozifungua mwezi huu zimeangukia mahali pamoja bila ya sisi kuziomba: zote zinauliza juu ya maneno tunayowaitia watu waliozaliwa katika nyumba za heshima, yaani wenye nasaba. Baadhi tumezifupisha ili nafasi itoshe. Msomaji ataona jambo moja likijirudia katika majibu, nalo ni kwamba karibu kila neno la jamii hii lina umri wake, na anayelitamka hana budi kujua analichukua kutoka karne ipi.

SWALI: Katika zoezi la kinyume, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika kuwa kinyume cha "muungwana" ni "mtumwa". Nilimkosesha, kwa kuwa ninavyojua mimi muungwana ni mtu mwenye adabu, na kinyume chake ni fidhuli. Siku ya pili babu yake, mzaliwa wa Lamu, alifika shuleni akaniambia kwa upole kwamba mjukuu wake hakukosea. Nani mwenye haki? Na tuandike "mwungwana" au "muungwana"?

JIBU: Mrudishie kijana alama zake, mwalimu, wala wewe usijilaumu sana, kwa kuwa nyote wawili mmesema kweli na kilichowatenganisha ni wakati tu. Maana uliyoikata kwa kalamu nyekundu ndiyo kongwe. Katika miji ya pwani muungwana alikuwa kwanza mtu huru, asiyemilikiwa na mtu, na waliokuwa upande wa pili wa neno hilo walikuwa mtwana, mjakazi na mzalia, huyu wa mwisho akiwa ni mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake. Babu aliyekujia anatoka mahali ambapo tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko pengine popote. Huko Lamu, kuwa huru peke yake hakukumfanya mtu awe muungwana. Alitakiwa awe na nasaba inayohesabika mbele ya watu, nyumba ya mawe inayorithiwa, na haki ya kupuliziwa siwa, lile baragumu kubwa la enzi, katika shughuli kubwa za nyumba yake. Anayetaka kujua heshima hiyo ilikuwa na sura gani na azitazame siwa zenyewe, kwa kuwa zipo hadi leo: ile ya Pate ni ya pembe za ndovu na urefu wake wapata mita 2, ile ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni, si mwishoni kama tarumbeta. Siwa haikuwa ala ya kila mwenye pumzi na fedha. Tajiri mgeni angeweza kuinunua nusu ya mtaa na bado harusi ya mwanawe ikapita kimya.

Ushahidi wa kumwonyesha mwanafunzi darasani upo karibu, nao ni Biblia ya tafsiri ya Union iliyotoka mwaka 1952. Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 4, wana wawili wa Ibrahimu wanatofautishwa kwa mama zao, mmoja akiwa mwana wa mjakazi na mwingine mwana wa mwungwana, na hapo hakuna anayezungumzia adabu ya Sara wala ya Hajiri; linalosemwa ni nani alikuwa huru na nani hakuwa. Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, watu wa Beroya wanaitwa waungwana kuliko wale wa Thesalonike kwa sababu walilipokea neno kwa moyo mzuri, na hapo neno limekwisha kuhama kutoka kwenye hali ya kuzaliwa hadi kwenye tabia. Ni kitabu kimoja na watafsiri wale wale, na maana zote mbili zinakaa ndani yake bila kugombana.

Uhamaji huo haukuanza kwa wenye vyeo, bali kwa wale ambao neno liliwanyima nafasi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, wapagazi na askari wa pwani walijiita waungwana mbele ya watu wa bara, wakiwemo wengi ambao kisheria walikuwa bado watumwa wa mabwana waliobaki Unguja. Jina liliwaganda kiasi kwamba Kiswahili kilichofika mashariki ya Kongo kwa njia yao kikaitwa Kingwana. Kisha sheria yenyewe ikaliondolea neno mwenzake: hali ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, na watu wote walipokuwa huru, kumwita mtu muungwana kwa maana ya kwamba hamilikiwi kukawa hakuna faida. Neno likabakiwa na kazi moja ya kudumu, ambayo methali zilikwisha kuitambua zamani. Tunaposema kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama, hatuulizi baba yake ni nani. Tunaangalia atafanya nini akiwa uchi mbele ya watu, na jibu ni kwamba atajisitiri kwa alichobakiwa nacho, ambacho ni mwili wake mwenyewe.

Kuhusu tahajia, andika "muungwana". Kiambishi m- cha ngeli ya watu hugeuka mw- kinapokutana na a, e au i, ndiyo maana tuna mwana, mwenzi na mwizi; kinapokutana na u hubaki mu-, kama katika muumba, muuguzi na muumini. Umbo la "mwungwana" utalikuta katika vitabu vya zamani, na asiyelikuta huko hana sababu ya kulifufua.

SWALI: Katika harusi ya mpwa wangu, mzee mmoja alisimama kuwatambulisha wageni wa upande wa bibi harusi, akasema, "Hawa mnaowaona mbele ni makabaila wa ukoo wetu." Vijana waliguna, na mmoja aliyekaa karibu nami akasema mzee amewatukana wakwe. Mzee alikasirika mpaka akakaa chini bila kumaliza. Je, ni tusi au si tusi?

JIBU: Inaumiza kusoma barua hii, kwa sababu mzee alikuwa akitoa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Kabaila limetokana na Kiarabu, na asili yake ni neno la kabila au ukoo. Likiingia katika Kiswahili likawa na maana ya mtu wa ukoo unaojulikana, mtu ambaye nyuma ya jina lake pana majina mengine. Katika Biblia ile ile tuliyoitaja, Injili ya Luka, sura ya 19, mtu anayesafiri kwenda nchi ya mbali ili ajipatie ufalme anaitwa kabaila, na hapana hata chembe ya kejeli. Tafsiri ya Habari Njema iliyofuata miongo kadhaa baadaye ililiacha neno hilo ikaandika kwamba ni mtu wa ukoo wa kifalme. Ukiuliza kwa nini watafsiri walilikimbia, jibu ni lile lile lililowafanya vijana wagune.

Kati ya tafsiri hizo mbili kulipita Azimio la Arusha. Mwaka 1967 lugha ya siasa ya Tanzania ilihitaji neno la kuutaja mfumo ambao wachache wanamiliki ardhi na wengi wanailima kwa manufaa ya wale wachache, na likachukuliwa kabaila, likatiwa kiambishi cha u- likawa ukabaila. Azimio lilimtaka kila kiongozi wa TANU na wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi, na asishiriki katika jambo lolote la kibepari au kikabaila. Kwa muda wa miaka 20 na zaidi, mtoto wa shule aliyesikia neno hilo redioni au katika somo la siasa alilisikia likiwa limefungwa kamba moja na unyonyaji, na aliyekua hivyo hawezi tena kulisikia harusini likiwa limefunguliwa. Mzee wako alisema kwa Kiswahili cha kabla ya 1967 na vijana wakasikia kwa Kiswahili cha baada yake.

Tunashauri hivi: katika maandishi ya historia na uchumi, kabaila aendelee kuwa bwana mwenye ardhi, na ukabaila uendelee kuwa jina la mfumo wake, kwa sababu hatuna neno jingine linalofanya kazi hiyo vizuri. Katika kumtambulisha mtu aliye hai, hasa mkwe, sema "watu wa nasaba", "wazee wa ukoo" au "watu wa nyumba kubwa", na utaepuka minong'ono. Wala usimchanganye kabaila na bepari, kama wafanyavyo wengi. Bepari lilitujia kutoka Bara Hindi, nalo awali lilikuwa jina la mfanyabiashara tu. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi aliiita *Mabepari wa Venisi*, mwaka 1969, na hata wakati huo neno lilikuwa limekwisha kuchacha. Bepari ana mtaji na kabaila ana ardhi. Bwanyenye naye yuko upande wa mali, na ingawa mlio wa jina lake unakumbusha bwana na mwenye, nasaba haimhusu. Mtu anaweza kuwa bwanyenye ijapokuwa babu yake alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini.

SWALI: Kanisani kwetu ilisomwa habari ya diwani ambaye mwanawe alikuwa mgonjwa Kapernaumu. Mwanangu wa miaka 10 aliniuliza kama diwani huyo alikuwa wa kata gani. Nilicheka, kisha nikagundua kwamba sina jibu.

JIBU: Swali la mtoto ni zuri kuliko anavyodhani. Diwani wa Injili ya Yohana, sura ya 4, ni mtu wa baraza la mfalme, na watafsiri walilichagua neno hilo kwa sababu pwani ya Mrima, katika miji kama Bagamoyo na Pangani, madiwani walikuwa watawala wa miji wenyewe, watu wa koo maalumu wenye haki ya kukusanya ada kwa misafara na kuvaa na kuketi kwa namna ambayo wengine hawakuruhusiwa. Neno lenyewe, lililopitia Kiajemi na Kiarabu, liliwahi kuwa na maana ya daftari na ya baraza kabla ya kuwa jina la mtu anayeketi barazani. Leo diwani ni mwakilishi wa kata anayechaguliwa kwa kura, na mtu wa nasaba yoyote anaweza kuwa diwani mradi apate kura nyingi kuliko wenzake.

Wenzake wamepata safari zinazofanana na hiyo. Jumbe alikuwa mtawala wa mji au wa eneo zima, kisha utawala wa Wajerumani ukamgeuza kuwa mtumishi wa chini kabisa wa kukusanya kodi ya kibanda, akiwa chini ya akida, ambaye naye alikuwa chini ya liwali. Sheha, aliyekuwa mkuu wa mji wa shamba chini ya Mwinyi Mkuu wa Unguja, sasa ni ofisa anayeteuliwa kusimamia shehia, yaani eneo dogo la utawala Zanzibar, na mwananchi humkumbuka zaidi anapotaka barua ya utambulisho. Hili si jambo la kulilia. Serikali zinazoingia hupenda kuvaa majina ya zile zilizotoka, kwa kuwa wananchi wamekwisha kuyazoea.

SWALI: Mkuu wangu wa kazi alinikaripia mbele ya wenzangu akisema, "Hapa hatutaki umwinyi." Mimi kwetu jina la ukoo ni Mwinyi. Alikuwa ananitusi mimi au ukoo wangu?

JIBU: Alikukusudia wewe, na huenda hakulifikiria jina lako hata kidogo, ingawa mkubwa mwenye busara angelifikiria. Umwinyi katika Kiswahili cha maofisini ni ile tabia ya mtu kukikalia cheo kama amekirithi. Unaiona pale ambapo foleni imefika mlangoni, karani yupo nyuma ya dirisha, faili analoombwa liko chini ya kiwiko chake, naye anakoroga chai polepole na kusema "njoo kesho" bila kunyanyua macho. Kosa lake kubwa si uvivu, maana mvivu angalau huona haya. Ni kudhani kwamba ofisi ni mali yake na wanaokuja ni watu wake.

Na hapo ndipo tusi linapokutana na historia, kwa sababu mwinyi kwa asili ni mwenye, yaani mmiliki. Ni neno lile lile la "mwenye nyumba" na "mwenye mji", katika umbo lililohifadhiwa na lahaja za pwani. Aliyekuwa na ardhi, watu na heshima ya kurithi aliitwa mwinyi, na aliyekuwa juu ya wote kisiwani Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu. Muhammad bin Ahmad, aliyejenga kasri ya Dunga ambayo magofu yake bado yanaonekana, alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmad alimfuata mwaka 1873, na cheo kikazikwa naye. Ngoma na siwa za enzi yao zilihifadhiwa kama vitu vya makumbusho, na huo ndio mwisho wa vyombo vingi vya watu wakubwa.

Jina la ukoo wako, kwa hiyo, ni cheo kilichoganda. Hauko peke yako: Rais wa pili wa Zanzibar, aliyeongoza kuanzia mwaka 1972 hadi 1984, aliitwa Aboud Jumbe Mwinyi, na katika majina yake matatu mawili ni vyeo vya watawala wa pwani. Aliyempokea, Ali Hassan Mwinyi, alikuwa na kimoja tu. Mkuu wako akirudia maneno yale, mwambie kwa adabu kwamba umwinyi anaousema umeacha kurithiwa, sasa unaambatana na kiti.

SWALI: Sharifu na sayyid ni kitu kimoja? Na mtu anaweza kuwa sharifu kwa upande wa mama?

JIBU: Sharifu, au sharifa akiwa mwanamke, ni mtu ambaye nasaba yake inafika kwa Mtume Muhammad kupitia kwa bintiye Fatuma na wajukuu Hasan na Husein. Kwa watu wa asili ya Hadhramauti, ambao pwani yetu imepata masharifu wengi kutoka kwao, sayyid ni jina jingine la mtu huyo huyo. Lakini msomaji wa historia ya Zanzibar lazima ajihadhari hapa: Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, na watawala wa ukoo wake wa Busaidi waliitwa masayyid kwa maana ya mabwana wa nchi, bila ya kudai kwamba wao ni kizazi cha Mtume. Ukiandika "Sayyid Said, aliyekuwa sharifu" umebuni nasaba ambayo mwenyewe hakujipa.

Nasaba hii hufuata upande wa baba. Ndiyo maana pia mtoto wa suria, ikiwa baba alimkubali, alihesabiwa huru na mwenye nasaba kamili ya baba yake, ijapokuwa mama aliingia nyumbani akiwa mtumwa. Masultani wa Unguja waliozaliwa na masuria ni wengi, na hakuna aliyewaita nusu waungwana.

SWALI: Bibi yangu anaitwa Mwanahawa na dada yake ni Mwanaisha. Nimeambiwa kwamba "mwana" hapo ni cheo cha kifalme, si mtoto. Je, ni kweli? Na ni neno gani sahihi kwa mwanamke wa nasaba: bibi, mwana, malkia au binti mfalme?

JIBU: Ni kweli kwa sehemu. Mwana lilikuwa na bado ni jina la heshima kwa mwanamke wa nyumba inayoheshimiwa, hasa katika visiwa vya kaskazini. Malkia aliyetawala Pate katika karne ya 18 aliitwa Mwana Khadija, na Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utenzi wake wa mwaka 1858 kwa bintiye unajulikana kila mahali Kiswahili kinaposomwa, hakuwa malkia bali mke wa mtawala wa Siyu. Kadiri lilivyozoeleka, cheo kiliungana na jina likawa neno moja: Mwana Hawa akawa Mwanahawa, Mwana Aisha akawa Mwanaisha. Hivyo bibi yako amebeba heshima ya kale ndani ya jina lake, lakini usiikimbilie taji kwa ushahidi huo peke yake, kwa kuwa majina hayo yalikwisha kuenea kwa watu wote.

Wanaume walikuwa na "bwana" na "fumo". Fumo Liyongo wa masimulizi na Fumo Madi wa Pate walivaa cheo kimoja, na fumo pia ni aina ya mkuki, jambo ambalo watunzi wa mashairi hawakuliacha lipite bure.

Bibi nalo limeshuka kutoka mahali pa juu. Binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, Unguja wanamkumbuka kwa jina la Bibi Salme, na "bibi" hapo halina uhusiano wowote na uzee wala wajukuu. Leo sehemu kubwa ya bara wamelifanya kuwa jina la mama wa mzazi, wengine wamelifanya mke, na lililofupishwa, "Bi", ndilo lililobaki na heshima tupu. Kwa hiyo ukiandika habari za karne ya 19 na kumtaja Bibi fulani, mpe msomaji wako sentensi moja ya kumwonyesha kwamba mwanamke huyo ni wa jumba la kifalme, la sivyo atamwona ajuza na mkongojo.

Malkia ndilo lenye mtego mkubwa, kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi mwanamke anayetawala na mke wa mfalme. Elizabeth II, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1952 hadi alipofariki Septemba 2022, alikuwa malkia. Camilla, mke wa Mfalme Charles III, naye ni malkia. Lakini wa kwanza alirithi kiti na wa pili aliolewa na mwenye kiti. Msomaji asiyejua atadhani cheo kilipita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Andika "malkia mtawala" au "malkia, mke wa mfalme" mara ya kwanza, kisha endelea na "malkia" tupu. Upande wa waume hakuna mtego huo, kwa sababu mume wa malkia mtawala haitwi mfalme. Philip aliishi na Elizabeth katika ndoa kwa zaidi ya miaka 70 na hakuitwa mfalme hata siku moja; alijulikana kuwa Mwanamfalme Philip. Tunaandika "mwanamfalme" kwa neno moja na wingi wake ni "wanamfalme". "Binti mfalme" kwa maneno mawili, wingi "mabinti wa mfalme", na kiunganishi "wa" kinarudi hapo kwa sababu "mabinti mfalme" inaudhi sikio.

SWALI: Ninatafsiri hadithi ya kale ya Ulaya yenye vyeo vingi vya makabaila. Mhariri wangu anataka kila kimoja kiwe na neno lake la Kiswahili. Nimekwama kwenye cha pili.

JIBU: Umekwama mahali panapostahili, na mhariri anakuomba kitu ambacho lugha haina. Uingereza ina ngazi 5 za makabaila, kuanzia duke hadi baroni, na Kiswahili hakikuwahi kuwa na jamii iliyopangwa kwa ngazi hizo. Ukimfanya mmoja jumbe, mwingine liwali na wa tatu akida, msomaji wa pwani ataliona jumba la Bagamoyo likiwa na theluji juu ya paa. Jiulize kwanza kama hadithi inategemea tofauti za ngazi. Ikiwa mtu mmoja anapigwa marufuku kumwoa mwingine kwa sababu ya ngazi moja tu kati yao, huna budi kuviacha vyeo kama vilivyo na kuvieleza katika sentensi ya hadithi yenyewe. Ikiwa cheo ni pambo tu la kumwonyesha mtu mkubwa, "bwana", "mtukufu" au "mwinyi" litakufaa, na hadithi itapumua. Cheo cha mtu halisi kisiguswe kabisa: Duke wa Edinburgh abaki hivyo. Na jihadhari na cheo cha count, kinachofanana na "kaunti", kwa kuwa msomaji wa Kenya, ambaye katiba ya mwaka 2010 ilimpa kaunti 47, atadhani mhusika wako ameolewa na serikali ya mitaa.

SWALI: Kwa nini vitabu vingine vinamwita Mirambo, mtawala wa Unyamwezi, mfalme, vingine chifu na vingine mtemi?

JIBU: Kwa sababu kila mwandishi alikuja na kipimo chake. Walioandika mfalme walitaka kumpandisha, au angalau kumweka sawa na watawala wa nje. Chifu ni neno la ukoloni, na tatizo lake ni kwamba lilimtia katika kapu moja mtawala wa nchi nzima na mkuu wa vijiji 3. Kule Tanganyika machifu walipoondolewa madarakani kwa sheria ya mwaka 1963, waliondoka wote wakiwa na jina moja, watemi wa Unyamwezi na Usukuma, mamangi wa Uchaga na wakama wa Buhaya, kana kwamba enzi zao zilikuwa moja. Watu wa Buganda hawakukubali hilo kwa mtawala wao, na hadi leo hata gazeti la Kiswahili huandika "Kabaka". Gazeti letu hufuata njia hiyo kwa wote: Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, ni mtemi, Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, ni mangi, na herufi ya mwanzo huwa kubwa pale tu cheo kinapotangulia jina, kama katika Mtemi Mirambo na Mangi Meli.